Picha Mbovu Unapohamisha Mkanda wa VHS Kwenda DVD: Namna ya Kutafuta Kosa na Kulirekebisha

Karibu kila wiki huingia mtu katika chumba changu cha kazi hapa Ngamiani, Tanga, akiwa na DVD mkononi na swali lile lile: kwa nini mkanda wa harusi uliokuwa ukionekana vizuri kwenye deki ya nyumbani miaka ile, leo ukihamishiwa kwenye DVD unatoa picha yenye chenga, inayotetemeka, au yenye nyuso zilizokatika vipande vya mraba? Wengine huja na kompyuta nzima, kwa sababu wameamua kuifanya kazi hiyo wenyewe na wamekwama katikati. Mwongozo huu nimewaandikia wao, na nimekuandikia wewe uliye na sanduku la mikanda chini ya kitanda ambalo bado hujaligusa.

Picha husafiri kwa njia moja. Hutoka kwenye mkanda, hupita kwenye hedi ya deki, yaani kile kijisehemu kinachosoma mkanda, hupita kwenye waya, huingia kwenye kifaa cha kunasia, huwa faili ndani ya kompyuta, ndipo huchomwa kwenye diski. Kila kituo kinaweza kuiharibu, lakini hakuna kituo kinachoweza kurudisha kilichopotea katika kituo kilichotangulia. Kwa hiyo kosa hutafutwa kwa kufuata njia hiyo kuanzia mkandani, na kila mara unabadilisha kitu kimoja tu kisha unatazama tena. Wanaoanza wengi huanzia upande wa pili: wanapakua programu za kung'arisha picha, wanashinda siku mbili mbele ya kompyuta, kumbe hedi imeziba kwa uchafu ambao ungetoka kwa dakika tano.

Jua pia kikomo cha kazi yenyewe. VHS, iliyoanza kuuzwa na JVC huko Japani mwaka 1976, hubeba undani wa takriban mistari 240 tu kwa upana wa picha. DVD ya mfumo wetu wa PAL ina nukta 720 kwa 576, na hizo zote haziwezi kuongeza sura ambayo mkanda haukuirekodi. Kazi nzuri ni ile ambayo DVD inaonekana sawa na mkanda unapochezwa kwenye deki safi. Ikiwa DVD ni mbaya kuliko hapo, kuna kosa, na kosa hilo linapatikana.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

– Deki ya VHS inayofanya kazi, yenye matundu ya AV nyuma. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyobaki ikitengeneza deki hizi baada ya wengine kuacha, ilisimama Julai 2016, kwa hiyo deki yoyote utakayoipata ni kuukuu na inahitaji kusafishwa.
– Televisheni, ikiwezekana ile ya zamani yenye kichogo.
– Waya fupi wa AV wenye vichwa vya njano, nyekundu na nyeupe.
– Kifaa cha kunasia video cha USB chenye tundu la njano na, kikipatikana, tundu la S-Video, lile la duara linalopitisha mwanga na rangi kwa nyaya tofauti.
– Kompyuta yenye nafasi ya GB 35 au zaidi kwa kila saa ya mkanda, na programu ya kunasia kama VirtualDub, ambayo ni ya bure.
– Alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99, karatasi nyeupe safi ya kuchapia, na bisibisi ya nyota.
– UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika, au angalau stebilaiza.
– DVD tupu za kampuni inayojulikana. Diski za bei ya chini kabisa zimenirudishia kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kununua.

Hatua za kazi

1. Tafuta nakala iliyo bora.

Hatua hii haihitaji kifaa chochote, nayo ndiyo inayorukwa na watu wengi zaidi. Zamani mpiga video alibaki na mkanda wa kwanza, familia ikapewa nakala, kisha shangazi akaomba nakala ya ile nakala ampelekee mwanawe Mombasa, na nyingine ikaenda Unguja au Muscat. Kila mkanda ulipotolewa kwenye mkanda mwingine, rangi zilivuja na chenga ziliongezeka. Uliza katika ukoo nani alipewa mkanda wa kwanza, na kama mpiga video yu hai muulize kama bado anao. Mama mmoja wa Makorora aliniletea mkanda wa harusi yake uliokuwa mwekundu kama uliochovywa kwenye chai ya rangi. Nilimshauri awapigie simu wifi zake. Wiki ya tatu alirudi na mkanda uliokaa kabatini Muheza miaka yote, na humo rangi ya kanga za makungwi ilikuwa inasomeka. Programu yoyote ya kompyuta isingeweza kutupatia rangi zile.

Angalia pia kama mkanda ulirekodiwa kwa mwendo wa kawaida au mwendo wa nusu, yaani SP au LP. Mkanda wa E-180 hubeba dakika 180 kwa SP na dakika 360 kwa LP, na walioona unafuu wa LP walilipa kwa ubora wa picha. Ukiwa na nakala mbili za tukio moja, chagua ya SP.

2. Kagua mkanda kwa macho kabla haujaingia kwenye deki.

Kwanza, kabla ya yote, vunja kile kikingio kidogo cha plastiki kilichoko ukingoni mwa kaseti, upande wenye lebo. Kikivunjwa, deki haiwezi kurekodi juu ya mkanda hata kidole kikiteleza na kubonyeza kitufe chekundu. Nimeona dakika nne za nikahi zikifutwa kwa namna hiyo.

Kisha isogeze kaseti karibu na taa na utazame kupitia kidirisha chake. Mkanda wenye afya ni mweusi unaong'aa na mzingo wake ni laini kama ukingo wa kitabu kilichofungwa. Ukiona utando mweupe, nyuzi kama za buibui au vumbi la unga juu ya mzingo, hiyo ni kuvu. Pwani yetu ina unyevu mwaka mzima, na mikanda iliyopita masika kadhaa ndani ya sanduku la bati au kabati lililoegemea ukuta wenye maji huwa nayo mara nyingi. Bonyeza kile kitufe kidogo cha ubavuni, inua mfuniko wa mbele, na utazame pia kama mkanda umekunjamana au umeliwa kingo.

Tahadhari: mkanda wenye kuvu usiuweke kabisa kwenye deki yako nzuri. Chembe zake zitabaki kwenye hedi na kuhamia kwenye mikanda yote itakayofuata. Utenge, uuweke kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uuache wiki kadhaa hadi kuvu ikauke. Usiuanike juani wala usiupulizie hewa ya moto, kwa kuwa plastiki ya mkanda hunyauka na picha hupinda moja kwa moja. Ukikauka, vaa barakoa, ufungue dirisha, na utumie deki nyingine ya kufanyia kazi chafu, ambayo haina thamani kwako. Kama huna, mpelekee fundi mwenye nayo.

3. Safisha deki.

Chenga zinazojaa skrini nzima, au picha inayokuja na kupotea, mara nyingi sana ni hedi iliyoziba. Chomoa waya wa umeme ukutani, ufungue mfuniko wa juu, na usiguse upande lilipo bodi la umeme, kwa sababu kapasita zake huweza kubaki na chaji hatari hata baada ya kuchomolewa. Katikati utaona dramu, silinda ya chuma inayong'aa, iliyoinama kidogo, yenye kipenyo cha sentimita sita hivi. Kwenye ukingo wake, ndani ya vijitundu, zimekaa hedi zenyewe, ndogo kuliko punje ya mchele. Deki ya PAL huizungusha dramu hii mara 25 kwa kila sekunde, na hedi hugusana na mkanda kwa ukaribu kiasi kwamba chembe ya uchafu usiyoiona inatosha kuizima.

Kata kipande cha karatasi ya kuchapia chenye upana wa vidole viwili, ukilowanishe kwa alkoholi, ukiegemeze kwenye ubavu wa dramu kwa kidole cha mkono mmoja bila kukandamiza. Kwa mkono wa pili shika dramu kwa juu tu, uizungushe polepole kinyume cha saa, mizunguko mitano hadi kumi. Karatasi haisogei, dramu ndiyo inayosogea. Ukiitoa utaona mistari ya kahawia au nyeusi imejichora juu yake, kama alama za penseli. Badilisha karatasi na urudie hadi itoke nyeupe. Acha robo saa kila kitu kikauke kabla ya kuwasha.

Makosa matatu huua deki katika hatua hii. La kwanza ni kusugua kwenda juu na chini, jambo linalokata hedi papo hapo. La pili ni kutumia pamba, ambayo nyuzi zake hunasa kwenye vijitundu. La tatu ni kutumia spiriti ya kawaida ya dukani, ambayo ina maji na mara nyingine mafuta, na huacha utando mahali ulipotaka usafi. Hedi ndogo ya sauti isiyozunguka, iliyoko kulia kwa dramu, pamoja na kijiti cha chuma kinachovuta mkanda, unaweza kuvifuta kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi. Gurudumu la mpira lifute kwa kitambaa chenye unyevu wa maji tu.

4. Upeleke mkanda mbele, uurudishe, kisha utazame kwenye televisheni.

Mkanda uliokaa miaka ishirini bila kuchezwa umejikaza kwenye gurudumu lake. Upeleke hadi mwisho na uurudishe mwanzo mara moja, ndipo ucheze. Ukisikia mlio wa kukwaruza au mwendo unapungua, simamisha.

Sasa tazama dakika tano kwenye televisheni, kabla kompyuta haijaunganishwa. Hapa ndipo utakapoamua kosa liko upande gani. Kama televisheni inaonyesha picha mbaya, kompyuta haina hatia, na hakuna sababu ya kuiwasha. Rekebisha trekingi, yaani namna hedi inavyofuata mistari iliyorekodiwa, kwa mkono, kwa vitufe vya mbele ya deki au vya rimoti, taratibu, hadi ule ukanda wa chenga unaolala skrini nzima ushuke na kutoka. Trekingi ya kujirekebisha yenyewe hukosea kwenye mikanda iliyochoka. Kama deki yako ina chaguo la ukali wa picha, liweke kwenye kati au kwenye hali ya kunakili, kwa kuwa ule ukali wa kuongezwa hugeuza chenga kuwa mchanga, na mchanga huo utaulipia wakati wa kuchoma DVD.

5. Unganisha waya, na uangalie umeme.

Watu wengi bado wanaunganisha deki kwa waya wa antena, kama walivyofanya walipokuwa wakitazama sinema. Hiyo ndiyo njia mbovu kuliko zote. Tumia tundu la njano, na kama deki yako ni ya S-VHS, aina bora zaidi ya VHS, yenye tundu la S-Video, tumia hilo. Waya usizidi mita moja na nusu, na usipite kando ya chaja au waya wa feni.

Umeme wetu unahitaji maneno yake. Ukiona mistari mipana yenye kivuli inapanda au kushuka polepole kwenye picha, na sauti ina mngurumo, chomoa chaja ya laptopu uendeshe kwa betri. Kwa kazi nyingi zinazoniletea lalamiko hilo, mistari hupotea sekunde ile ile chaja inapotoka. Deki iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika ghafla mkanda ukiwa umezungushwa kwenye dramu, usiuvute na usilazimishe mlango. Subiri umeme urudi na ubonyeze kitufe cha kutolea.

6. Panga kifaa cha kunasia.

Chagua mfumo wa PAL, nukta 720 kwa 576, fremu (yaani picha moja moja) 25 kwa sekunde. Isipokuwa mkanda ulitoka Marekani: jamaa walioko huko hutuma mikanda ya NTSC, yenye mistari 525 na karibu fremu 30 kwa sekunde, na kwenye deki ya PAL tupu itaruka au kutoa picha isiyo na rangi. Deki nyingi za mifumo mingi huicheza kwa namna ya mchanganyiko inayoitwa PAL 60, nayo lazima uichague kwenye kifaa chako pia.

Kisha tazama mwanga. Kifaa cha bei ndogo kikitoka kiwandani huwa na kontrasti iliyopita kiasi, na kinachopotea kwanza ni weupe. Katika mkanda wa harusi tazama shela la bibi harusi. Likionekana kama karatasi tupu, punguza kontrasti hatua moja moja hadi maua ya lesi yaanze kujitokeza, kisha uongeze mwangaza kidogo kama suti ya bwana harusi imezama kwenye weusi. VirtualDub ina grafu inayokuonyesha kama weupe na weusi umegonga ukuta. Fanya hivi sasa, kwa maana lesi iliyopotea wakati wa kunasa hairudi.

7. Nasa picha.

Nasa kwa kodeki, yaani programu ya kubana video, isiyopoteza kitu, kama Huffyuv au Lagarith. Saa moja itakula takriban GB 25 hadi 35, na hilo lisikutishe, kwa sababu faili hili utalipunguza baadaye. Anayenasa moja kwa moja katika MPEG-2, ule mbano unaotumiwa na DVD, yenye kiwango cha chini ili kuokoa nafasi huwa ameuharibu mkanda kabla hajaanza kazi. Hakikisha diski ya kompyuta imeandaliwa (format) kwa mpangilio wa NTFS. Ikiwa FAT32, faili litakatika likifika GB 4.

Funga programu nyingine zote, zima intaneti, chomeka kifaa moja kwa moja kwenye kompyuta bila kigawanyio cha USB, na umwambie kila aliyemo ndani kwamba kompyuta haiguswi. Wakati wa kunasa tazama hesabu ya fremu zilizodondoka. Moja au mbili kwa saa hazina neno. Zikiwa makumi, sauti itaanza kuachana na midomo, na itaachana zaidi kadiri mkanda unavyosonga.

Kama fremu zinadondoka hata kompyuta ikiwa na nguvu, au sehemu ya juu ya picha imepinda kama bendera kwenye upepo wa kusi, tatizo ni kwamba mistari ya mkanda haifiki kwa wakati sawa. Dawa yake ni kifaa cha kunyoosha mistari, kinachojulikana kama TBC, kinachowekwa kati ya deki na kompyuta. Vifaa kamili vya namna hiyo ni ghali, lakini rekoda za DVD kama Panasonic DMR-ES10 na DMR-ES15 hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo zikipitishwa picha tu bila kurekodi. Ukiiona mojawapo kwa muuza vitu vya mtumba, nunua hata kama kisoma-diski chake kimekufa.

8. Sahihisha kidogo tu.

Chini kabisa ya picha utaona mistari michache iliyochanika. Hiyo si kasoro. Ni mahali ambapo hedi moja humwachia mwenzake, na televisheni za zamani zilikuwa zikiificha. Ifunike kwa utepe mweusi, lakini usiikate na kuinyosha picha ijaze nafasi. Umbo la picha libaki 4:3. Anayelazimisha 16:9 ananenepesha ukumbi mzima.

Usiziunganishe nusu-fremu kama unatengeneza DVD. Picha ya VHS imeundwa kwa nusu-fremu mbili zinazopishana, mistari ya shufwa na ya witiri, na DVD inaweza kuzibeba zilivyo. Kwenye skrini ya kompyuta zitaonekana kama meno ya kitana pembezoni mwa vitu vinavyotembea, na wengi hudhani ni ubovu. Hakikisha tu programu yako imewekwa nusu-fremu ya juu itangulie, maana vifaa vingi vya USB hutoa hivyo. Jaribu kwa sehemu yenye mwendo: ngoma, watu wanatunza, mikono inapepea. Ukiona mwendo unarudi nyuma na kwenda mbele kwa mtikisiko, umezipanga kinyume.

9. Tengeneza na uchome DVD.

Hapa ndipo vile vipande vya mraba usoni huzaliwa. DVD ya kawaida ya GB 4.7 haiongezeki kwa kutaka kwako. Kwa saa moja unaweza kuweka video ya megabiti 8 kwa sekunde, karibu na kikomo cha DVD ambacho ni 9.8, na picha itakuwa safi. Kwa saa mbili unashuka hadi karibu 4.8, na bado inavumilika. Kwa saa tatu unabaki na 3.2 hivi, na hapo chenga za mkanda hula nafasi yote, kwa kuwa kodeki huziona kama mwendo mpya katika kila fremu. Harusi ya saa tatu igawe katika diski mbili: nikahi na kuingia ukumbini katika moja, mnuso na ngoma katika nyingine. Mteja aking'ang'ania diski moja, tumia nukta 352 kwa 576, ambazo DVD inazikubali na zinatosha kwa undani wa VHS. Picha italainika kidogo lakini haitavunjika.

Choma kwa kasi ya 4x au 8x, ufunge diski ili deki nyingine ziweze kuisoma, kisha uijaribu kwenye deki ya DVD ya sebuleni, si kwenye kompyuta ile ile iliyoichoma. Ruka hadi dakika za mwisho, kwa sababu diski dhaifu hushindwa pembeni. Lile faili kubwa la kunasa lihifadhi kwenye diski ya nje, kwa kuwa ndilo utakalotengenezea nakala ya simu.

Ukiona dalili hizi

Chenga skrini nzima kwa kila mkanda: hedi ni chafu, rudi hatua ya 3. Zikibaki baada ya kusafisha mara tatu, hedi imechakaa, tafuta deki nyingine.

Chenga kwa mkanda mmoja tu: ni mkanda wenyewe. Jaribu trekingi, kisha deki tofauti, kabla ya kukata tamaa.

Vistari vifupi vyeupe vinavyomweka na kupotea: unga wa sumaku umebanduka sehemu hizo. Haviondoki kwenye mkanda, na programu za kuvifuta hufuta pia shanga na vito, kwa hiyo mimi huviacha.

Picha haina rangi: mara nyingi umechagua tundu la S-Video kwenye programu ilhali waya umechomekwa njano, au kinyume chake. La sivyo, ni NTSC inayosomwa kama PAL.

Mwanga unapanda na kushuka kila baada ya sekunde kadhaa: kama ni mkanda wa sinema ulionunuliwa dukani, hicho ni kinga ya kunakili iliyowekwa makusudi. Kazi hiyo siipokei, na nakushauri uiache. Mwongozo huu ni wa mikanda ya nyumbani.

Picha ni nzuri lakini sauti ina mlio wa kuunguruma unaobadilika ukigusa trekingi: deki inasoma kwa shida sauti ya Hi-Fi, ile inayosomwa na hedi za dramu. Badilisha kwenye menyu usikilize sauti ya kawaida ya mkanda, ambayo ni hafifu lakini imetulia.

Sauti na midomo vinaachana kadiri muda unavyokwenda: fremu zimedondoka. Usijaribu kuivuta sauti, nasa upya.

Ukanda wa chenga umekaa pale pale juu au chini na trekingi haiusogezi: nguzo zinazoongoza mkanda ndani ya deki haziko sawa na zile za deki iliyorekodi. Usizizungushe kwa bisibisi, kwa maana ukizipoteza deki itakataa na mikanda mingine yote. Jaribu deki mbili tatu, na uulize kama deki iliyorekodi mkanda huo bado ipo. Mzee mmoja alinijia kutoka Pangani na mkanda wa LP wa maulidi ambao deki zangu zote tatu ziliushindwa. Nikamwuliza waliurekodi kwa deki ipi. Akarudi baada ya siku nne na deki yake ya zamani imefungwa kwenye kikoi, haijawashwa miaka mingi, mkanda wake wa mpira umelegea. Tulibadilisha mpira, tukasafisha hedi, tukauweka mkanda ule. Ule ukanda wa chenga haukuwepo, na safu ya vijana wenye kanzu ilionekana kuanzia mwanzo wa mkeka hadi mwisho.